Maswali ya Bandani: Troti Ndefu na Farasi Anayekimbia Kama Cherehani

Wapenzi wa farasi hamjambo. Niliahidi mwezi huu ni chakula na minyoo, lakini barua zilizoingia karibu zote ni za troti ndefu, yaani farasi kwenye mwendo wake wa kati wa troti arefushe hatua bila kuharakisha, sijui mmeambizana au ni msimu wa mashindano umewapanda kichwani. Basi minyoo isubiri. Barua nimezifupisha na majina nimeyaficha kama kawaida.

SWALI: Mzee wa Bandani habari za masiku. Mimi ni saisi huku Karen, Nairobi, mwaka wa tisa sasa niko na farasi, na mwaka jana bosi aliniachia mmoja nipande mwenyewe. Ni thoroughbred, wale farasi wa resi, alikuwa anakimbia resi Ngong, ana miaka saba, roho safi kabisa. Tumeanza dresaji, ule mchezo wa kumwongoza farasi kwa mienendo iliyopangwa mbele ya jaji, pole pole na sasa kocha anataka troti ndefu kwenye diagonal, ule mstari wa kukatiza uwanja mshazari. Nikimbana miguu anakimbia tu, harefushi, ni tap tap tap tap kama cherehani, nikivuta hatamu ndio anazidi, tukikaribia kona anaangukia kwenye kanta, ule mwendo wa kasi unaofuata troti, na mimi nimening'inia tu hapo juu. Juzi jaji alinipa 4 kati ya 10 na pembeni akaandika neno moja, "mbio". Nifanyeje? – *Saisi wa Karen*

JIBU: Pole ndugu yangu, na hongera pia, maana saisi kuachiwa farasi apande mwenyewe si jambo la kila siku. Hiyo 4 usiionee aibu, mimi nimezila nyingi mpaka nikazizoea.

Umejijibu mwenyewe ujue, umesema cherehani. Ukikanyaga cherehani kwa nguvu sindano inapiga haraka lakini mshono unabaki mfupi uleule. Troti ndefu ni ile unaacha mguu ukanyage vilevile halafu unazungusha kile kitufe cha urefu wa mshono. Mapigo hayabadiliki, kinachobadilika ni ardhi anayoimeza kwa kila pigo. Troti ni mapigo mawili tu, mguu wa mbele wa kulia unatua pamoja na wa nyuma wa kushoto, anaelea hewani kidogo, halafu jozi ya pili inatua. Kile kipande cha kuelea ndio unataka kiongezeke, na farasi anaelea kwa kusukumwa kutoka nyuma, kama mtu anayeruka mtaro, lazima achuchumae kidogo kwanza. Ukimkimbiza atachuchumaa saa ngapi?

Farasi wa dresaji wameshapimwa kwa kamera. Hatua nzima, yaani mpaka mguu uleule urudi chini tena, kwenye troti ya kukusanya, ile fupi ya kujibeba, ni kama mita 2.5 na kwenye troti ndefu ni kama mita 3.5. Mita nzima imeongezeka hapo na bado idadi ya hatua kwa dakika imesogea kidogo tu, inazunguka karibu na 80 muda wote. Kwa hiyo pakua programu ya metronomu kwenye simu, mpe mtu ashike pembeni ya uwanja, itegeshe iendane na troti ya kawaida ya farasi wako (huyo wako anaweza kuwa juu kidogo ya 80, wa resi wengi ni wepesi wa miguu), halafu omba urefu. Ukiona umeipita metronomu umeshakimbia, rudi.

Sasa hili la kuvuta hatamu akazidi. Hapa wewe unajua kuliko mimi, si unawaona asubuhi wakienda kufanya kazi, joki kashika hatamu fupi, kazipishanisha kama daraja juu ya shingo, farasi kaegemea lijamu na kadiri anavyoshikwa ndivyo anavyovuta. Wako alilelewa hivyo, kwake mkono mzito maana yake ni twende. Wewe kwenye diagonal unabana miguu, twende, unavuta mkono, twende zaidi, halafu unashangaa amekwenda! Huyo farasi ni mtiifu sana, shida mnaongea lugha mbili.

Dawa yake, na hii haitakufurahisha, ni kusahau diagonal kwa mwezi mzima. Kaa kwenye duara la mita 20 umfundishe kufupisha kwanza. Hatua tano fupi, tano za kawaida, tano fupi. Unafupisha kwa ile tunayoiita nusu breki, unajikaza tumbo na mgongo kwa pumzi moja, vidole vinafumba kwenye hatamu kama unakamua sponji, halafu VINAFUNGUKA. Narudia, vinafunguka. Watu wengi wanafumba vizuri sana wanasahau kufungua, na kwa farasi aliyetoka resi pale kwenye kufungua ndio kila kitu, anaegemea anakuta hakuna cha kuegemea, inabidi ajibebe mwenyewe. Wiki ya kwanza atakuwa kama mlevi aliyenyang'anywa ukuta, usiogope.

Akishaelewa hapo lete fito nne chini, umbali wa mita 1.3 hivi kati ya fito na fito, mpitishe kwa troti ya kuinuka (unainuka na kukaa kwenye tandiko kwa kufuata mapigo), mara nne tano inatosha kwa siku. Fito zinamfundisha kitu ambacho wewe huwezi kumweleza kwa mguu, kwamba anaweza kunyanyua na kufika mbali bila kuharakisha. Baada ya wiki kadhaa unazisogeza kwa upana wa ngumi moja. Sio mbili! Nimeona mtu kazisogeza mita nzima kwa siku moja farasi akazikanyaga zote, akajikata, na kuanzia siku hiyo akiona mti wowote chini anaruka kama kaona chatu.

Halafu ndio unaanza kuomba. Kwenye kona piga duara dogo la mita 10, toka nalo ukiwa umeingiza bega lake la mbele ndani ya mstari kidogo kwa hatua sita saba, hapo mguu wa nyuma wa ndani umekwenda chini ya tumbo, umejaa. Mnyooshe, fungua vidole, mwachie shingo irefuke kidogo (kidogo, usitupe hatamu), na upate hatua tatu. Tatu tu. Ya nne rudi kwenye troti ya kazi, ile ya kawaida, kabla yeye hajaamua kurudi, na urudi kwa mwili wako, nyoosha mgongo, punguza kuinuka, mkono uwe wa mwisho kabisa. Akitoa tatu safi msifie na mtembeze. Ukitaka ya nne, ya tano, ya sita, ndio hapo uzito unamwangukia mabega ya mbele na unarudi kwa cherehani. Kuangukia kwenye kanta pale kwenye kona ni hilo hilo, amekosa balansi anatafuta mwendo wa kujiokoa, usimpige kwa hilo jamani.

Na hesabu. Uwanja mkubwa wa mita 60 kwa 20, diagonal kutoka herufi mpaka herufi (zile zinazowekwa pembeni mwa uwanja) ni kama mita 52, ule mdogo wa 40 kwa 20 ni kama 34. Ukiwa kwenye troti ya kuinuka hesabu kila unapokaa. Tuseme kwenye mkubwa unapata 20 kwa troti ya kazi. Siku utakayopata 18 na metronomu haijakuacha, rudi nyumbani mapema mkanywe chai. Ukikimbia utafika haraka ndio, lakini hesabu itabaki 20 ileile au hata 21, hesabu haikufichi kitu.

Nikwambie kitu kidogo. Nilipokuwa nafanya kazi bandani huko Ujerumani, sio mbali na Verden pale kwenye mnada wa farasi wa Hannover, kulikuwa na mama mmoja mzee anatufundisha, alichoka kunifokea nisiharakishe. Siku moja akaniambia imba. Nikamuuliza niimbe nini, akasema chochote cha kwenu. Nikaimba ule wa kutwanga aliokuwa anaimba bibi yangu, ti-twa ti-twa, mchi ukipanda mchi ukishuka, na kumbe kutwanga na troti ni ndugu, kuna kutua na kuna kuelea. Tukaingia diagonal naimba kwa sauti, Wajerumani wanacheka, na mimi nasikia kabisa pale wimbo unapotaka kukimbia kabla hata farasi hajakimbia, ni mimi nilikuwa naanza! Mabega yangu yanatangulia mbele, nabana magoti, farasi anafuata. Jaribu. Ukiona aibu imba kimoyomoyo, ila kwa sauti inafanya kazi zaidi kwa sababu ukiimba huwezi kubana pumzi.

La mwisho kwako, usijilinganishe na video za hao warmblood, farasi wa michezo wa Ulaya. Wale wamezalishwa vizazi kwa vizazi wawe na ule mdundo wa mpira, thoroughbred kazaliwa miguu ikatize nyasi chini chini kwenda mbele. Jaji anayejua kazi anatafuta tofauti kati ya troti yako ya kazi na troti yako ndefu, na anaangalia kuingia na kutoka. 6 au 7 kwa huyo wako inawezekana kabisa. Nami hapo nitakuja kukupigia makofi.

SWALI: Shikamoo Mzee. Miye niko Maskati, nimezaliwa huku lakini nyumbani tunasema Kiswahili, marehemu bibi alitoka Unguja. Nina farasi wa Kiarabu, dume aliyehasiwa, mzuri mashallah. Kwenye troti ndefu anarusha miguu ya mbele juu kabisa kama askari wa gwaride, watu wote wanatoa simu wanapiga picha, lakini mwalimu wangu anatikisa kichwa tu anasema sio. Sio nini? Mbona ndio wanavyofanya kwenye mashindano makubwa? – *Bint wa Maskati*

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwalimu wako usimwache huyo.

Chukua moja ya hizo picha, weka kiganja chako ufunike nusu ya mbele ya farasi. Kiangalie kilichobaki. Mguu wa nyuma uko wapi, umeingia chini ya tumbo au umebaki nyuma unaburuta? Sasa toa mkono, chukua kalamu na rula. Mguu wa mbele ulionyooka na ule wa nyuma wa upande mwingine unaokwenda nao pamoja, chora mstari kwenye mfupa wa chini wa kila mmoja, kati ya goti na kifundo kwa huku mbele, kati ya kisigino na kifundo kwa huku nyuma. Mistari ikiwa sambamba, hiyo ni troti ndefu. Wa mbele ukiwa umekwenda juu kama bunduki na wa nyuma unachungulia tu, hiyo ni maonyesho ya harusi.

Kuna sababu ya kimwili hapa. Farasi hana ule mfupa wa mtulinga kama sisi, mabega yake yameshikiliwa kwa misuli mitupu, kifua kinaning'inia katikati kama mtoto kwenye mbeleko. Mgongo ukinyanyuka misuli ile inafanya kazi na bega linafunguka kweli. Mgongo ukizama, na farasi wa Kiarabu ni hodari wa kunyanyua kichwa na kuzamisha mgongo, hapo mguu wa mbele unarushwa kwa mkazo, unakwenda juu halafu unarudi nyuma kabla haujatua. Ndio kipimo kingine hicho, angalia kwato inaelekeza wapi ikiwa juu, halafu angalia imetua wapi. Inatakiwa itue palepale ilipoelekeza. Ikielekeza Sohar ikatua Barka umedanganywa.

Na pua. Wazee wa kazi hii wanasema mguu haufiki mbele ya pale pua inapoelekea. Ukimfunga shingo, pua ikarudi kifuani, unamwomba anyooshe mguu huku umemfungia mlango. Kwenye troti ndefu fremu yote inarefuka kidogo, pua inatangulia mbele kidogo, mkono wako unakwenda nayo lakini mguso haukatiki.

Hao wa mashindano makubwa unaosema, ni kweli wapo walioshangiliwa kwa miguu ya mbele tu na majaji wakatoa alama, hilo limeleta ugomvi miaka mingi na mimi niko upande wa wanaolalamika. Wewe tafuta video za Valegro, yule farasi aliyechukua dhahabu ya Olimpiki London 2012, halafu Desemba 2014 pale Olympia, London, akapata asilimia 94.3 kwenye programu ya muziki. Mwangalie mara mbili. Ya kwanza ufurahi, ya pili uweke kiganja.

Kwa huyo wako, shuka kwanza. Wiki tatu nne mpe kazi ya shingo ndefu na ya chini kwa troti ya kuinuka, mgongo upande, usiombe urefu wowote. Ukiwa na mchanga mzuri au kamlima kadogo mpandishe taratibu, mlima unamlazimisha kusukuma kwa nyuma bila wewe kusema neno. Na kwa joto la huko kiangazi nadhani sina haja ya kukwambia upande kabla jua halijatoka.

SWALI: Mzee salama? Nikimwomba troti ndefu jike langu linatoa sauti, chuma kwa chuma, klak klak klak. Halionyeshi kuumia. Niache au niendelee? – *Wa Usa River*

JIBU: Acha kidogo uchunguze. Hiyo ni kwato ya nyuma inagonga kiatu cha mbele, mguu wa mbele umechelewa kuondoka njiani. Mara nyingi ni moja kati ya mambo mawili. Kwato za mbele zimerefuka pale kwenye kidole, kwa hiyo mguu unachelewa kunyanyuka, hapo ni kazi ya fundi wa viatu, na ukiniambia hajaja wiki kumi nitakugombeza, isizidi sita. Au farasi amechoka na ameegemea mbele, na hiyo ni kazi yako, rudi kwenye hatua tatu tatu nilizomweleza Saisi wa Karen hapo juu. Kwa sasa mvalishe vile vikombe vya mpira kwenye kwato za mbele, maana siku atakapojigonga kisigino cha mbele au kung'oa kiatu akiwa katikati ya diagonal hutanishukuru.

Mimi klak klak yangu ya kwanza niliipuuza, jike lilitupa kiatu mbele ya jaji na mimi nikaendelea kutabasamu kama sijasikia. Kila mtu alisikia.

SWALI: Ndugu mhariri wa ukurasa, mimi sina farasi, ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Kwa nini mnaandika "troti"? Kiswahili hakina neno? – *Mwalimu, Tanga*

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Neno lipo na wewe unalijua na mimi nalijua, farasi huenda *matiti*, liko kwenye kamusi tangu zamani. Sasa nifikirie mimi nasimama katikati ya uwanja, kuna wasichana kumi na wawili juu ya farasi na wazazi wao wamekaa kwenye viti, niseme kwa sauti kubwa "haya, refusha matiti!" Mwalimu, nina familia.

Punda ana *telki*, ule mwendo wake wa chap chap, na mtu wa Lamu hawezi kukubali umwambie punda anapiga troti. Ila telki ni hatua fupi fupi za haraka, yaani ile cherehani tuliyoikemea mwanzo, kwa hiyo nayo hainifai. Ukinipatia neno jingine nitalitumia, nakuahidi.

SWALI: Shikamoo. Binti yangu ana miaka 14 na ana farasi mdogo wa miaka minne. Ameanza kumfanyisha troti ndefu kila siku kwa sababu ameona kwenye simu. Uwanja wetu ni moramu. Nimwache? – *Mama wa Gilgil*

JIBU: Marahaba mama. Hapana, usimwache, ila msimamishe kwa upole maana ana hamu na hamu ni mali.

Farasi wa miaka minne mifupa yake haijamaliza kukomaa, uti wa mgongo ndio wa mwisho, mpaka miaka mitano na nusu, sita hivi. Troti ndefu inapakia kano za nyuma ya mguu uzito mkubwa kila anapotua, na kwenye moramu ngumu ni kama kumfanya mtoto aruke kamba juu ya sakafu ya simenti. Hata huko Marekani kwenye ngazi zao za mashindano wanaanza na kurefusha kidogo tu ngazi ya kwanza, ya pili ndio troti ya kati, ya tatu ndio troti ndefu yenyewe, na kati ya hizo ngazi kwa kawaida kuna miaka, sio wiki.

Mwambie afanye hivi. Mara mbili kwa wiki, baada ya kupasha moto dakika 15 au 20, kwenye mstari mrefu amwombe arefushe kidogo hatua nne tano, akiinuka kwenye tandiko asikae, mara tatu kila upande, basi. Siku nyingine amtembeze nje, ampandishe vilima vya huko kwenu pole pole, mna vilima vizuri. Na asubuhi inayofuata kabla hajamfunga tandiko apitishe kiganja nyuma ya miguu ya mbele, kutoka goti kushuka mpaka kifundo, mguu mmoja halafu mwingine. Akikuta joto upande mmoja au kauvimbe ambako jana hakakuwepo, siku hiyo hakuna kupanda, maji baridi dakika 20, na umpigie daktari wa mifugo, usinisubiri mimi mwezi ujao.